Paka ana vigaga shingoni na anajikuna
Dada, hivyo vigaga vya shingoni na manyoya kupukutika juu ya mkia, kwanza shuku viroboto. Usiseme huwaoni, paka hujilamba akawameza. Mchane juu ya karatasi nyeupe, dondoshea maji: chembe nyeusi zikiacha wekundu kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Na hapa Lamu paka wako hushinda barazani na wa mtaa mzima, utashangaa nini? Doa la mviringo lisilo na manyoya huenda ni choa, nacho huambukiza watoto. Ila dawa ya viroboto ya mbwa usimpake kamwe: yenye permethrini, sumu ya kuulia wadudu, yaweza kumuua. Kidonda kikitoa usaha, mwone daktari wa mifugo.