Maswali Yenu: Wino wa Jumapili Haukauki Upesi

Barua za safari hii karibu zote zimeandikwa na wasimamizi wa ligi za fantasia za Formula 1, yaani michezo ya kuchagua madereva wa mbio hizo za magari na kupata pointi kwa matokeo yao halisi. Hawa ndio watu waliojitolea kukusanya vikosi vya wenzao kabla ya kila Grand Prix, kuhesabu pointi Jumapili na kupokea lawama Jumatatu. Nami ni mmoja wao. Tangu msimu wa 2017 naendesha ligi ya watu kumi na wanne, ndugu na marafiki, na pointi zote nazijaza kwa mkono wangu kwenye lahajedwali. Kila mmoja wetu huchagua madereva watano na timu mbili kwa bajeti ya kubuni, kama ulivyo siku hizi mchezo rasmi wa Formula 1 wenye dola zake milioni 100 za karatasini. Ila kanuni zetu tumeziandika sisi wenyewe, nyingi baada ya kugombana kwanza.

SWALI: Dada, shikamoo. Huu ni msimu wangu wa kwanza kusimamia ligi. Nilitangaza pointi saa moja baada ya mbio, kisha waamuzi wakamfutia matokeo dereva aliyemaliza wa pili. Nikarekebisha jedwali. Aliyekuwa anaongoza sasa ni wa tatu na anadai nimemwibia. Nilikosea?
*Msimamizi mgeni*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kurekebisha hukukosea. Kosa lako ni kutangaza makadirio ukayaita pointi, na kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena mara tatu katika usiku mmoja.

Ilikuwa Jeddah, Machi 2023. Fernando Alonso alimaliza wa tatu, akapanda jukwaani, nami nikatuma jedwali. Baadaye waamuzi wakampa adhabu ya sekunde 10, kwa madai kwamba jeki iligusa gari lake alipokuwa akitumikia adhabu nyingine kwenye piti, yaani kituo cha kuhudumia magari kando ya njia ya mbio. Akashuka hadi wa nne, nafasi yake akapewa George Russell. Nikatuma jedwali la pili. Timu yake ikaomba uamuzi upitiwe upya, ikaonyesha kwamba hapo nyuma magari mengine yaliguswa hivyohivyo na hayakuadhibiwa, na Alonso akarudishiwa nafasi yake. Nikatuma la tatu, saa ambayo nusu ya wachezaji walikuwa wamelala. Asubuhi nilikuta watu wanabishana juu ya majedwali matatu tofauti, yote yenye jina langu.

Tangu hapo Jumapili natuma kitu kinachoitwa *jedwali la muda*, na maneno hayo nayaandika juu kabisa kwa herufi kubwa. Jedwali la mwisho hutoka Jumanne saa sita mchana. Matokeo yoyote ambayo FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, inayatambua saa hiyo ndiyo yetu. Likija jambo jingine baada ya hapo, hata rufaa ikishinda, ligi yetu haigeuki.

Jumanne sikuichagua kwa kubahatisha. Gari hukaguliwa baada ya mbio, na ukaguzi una mambo yake. Spa, Ubelgiji, Julai 2024, Russell alishinda kwa kusimama piti mara moja tu. Walipomaliza kuondoa mafuta na kulipima gari likawa na kilo 796.5, wakati kiwango cha chini kilikuwa 798. Ushindi ukaenda kwa Lewis Hamilton. Las Vegas, Novemba 2025, Lando Norris na Oscar Piastri walifutiwa matokeo wote wawili kwa sababu kibao cha chini ya gari kilikuwa kimelika kupita kiasi. Kinatakiwa kibaki na unene wa milimita 9 angalau. Maamuzi ya namna hii hutoka saa kadhaa baada ya shampeni kumwagwa. Ukitangaza mapema unatangaza mbio ambazo bado hazijaisha.

Kwa mzozo wako wa sasa: simamia matokeo ya FIA, kwa kuwa hayo ndiyo mliyokubaliana kuyachezea hata kama hamkuandika. Muombe radhi huyo bwana kwa kumtangazia pointi ambazo hazikuwa zimeiva. Kisha andika kanuni, na ianze raundi ijayo. Usiitumie kurudi nyuma hata raundi moja.

Na kwa kuwa umo kazini, hakikisha lahajedwali lako linaonyesha desimali. Mwaka 2021 huko Spa mvua iliharibu kila kitu, magari yakazunguka nyuma ya gari la usalama, na pointi zikatolewa nusu: Max Verstappen 12.5, Russell 9, Hamilton 7.5. Seli zangu zilikuwa zimewekwa zionyeshe namba kamili tu. Mtu mmoja akajumlisha alizoziona, akapata jumla isiyolingana na yangu, na ikanichukua jioni nzima kumwonyesha kwamba hakuna aliyedhulumiwa.

SWALI: Ligi yetu huanza na watu ishirini wenye moto. Ikifika raundi ya kumi, wanaotuma vikosi ni saba au wanane. Nimejaribu kuwakumbusha, nimejaribu kuwasihi. Nifanye nini?
*Aliyechoka kukumbusha*

JIBU: Acha kuwasihi. Mtu anayejua kwamba hawezi tena kushinda chochote ana haki ya kwenda kufanya mambo yake. Tazama kwanza kanuni zako zinamwachia nini mtu wa mkiani.

Mimi nilijifunza hili mwaka 2023. Verstappen alishinda mbio 19 kati ya 22. Katika ligi yetu kila mtu alikuwa naye, kwa hiyo pointi zake hazikumsaidia yeyote. Zilimpandisha kila mtu kwa kiasi kilekile. Aliyeteleza raundi za mwanzo hakuwa na mahali pa kuchomokea. Nilipandisha bei yake hadi akameza theluthi ya bajeti. Wakaendelea kumchukua, na vikosi vilivyobaki vikawa vinafanana kama sare za shule. Kufika Septemba wanne walikuwa wamenyamaza kabisa, akiwemo mtu aliyeanzisha ligi pamoja nami.

Msimu wa 2024 tulibadilisha mambo matatu, na nitakueleza yote kwa sababu moja peke yake lisingetosha.

La kwanza ni ukomo wa matumizi. Kalenda ilikuwa na mbio 24, tukakubaliana kwamba dereva yeyote anaweza kukaa kwenye kikosi chako raundi 12 tu. Hapo ndipo watu walipoanza kufikiri upya. Unamtumia Verstappen sasa au unamhifadhi? Viwanja gani vinamfaa Charles Leclerc? Mazungumzo yetu ya Jumatano yalirudi kuwa marefu.

La pili, tuligawa msimu vipande vinne vya raundi sita sita. Kila kipande kina jedwali lake linaloanza na sifuri na bingwa wake, na jumla ya msimu inaendelea kando. Mtu aliyeharibu hadi Julai anajua kwamba kuna siku anaanza sawa na kinara.

La tatu ni kufuta raundi mbili mbaya zaidi za kila mchezaji. Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Formula 1 yenyewe iliwahi kuhesabu matokeo bora tu, hadi 1990, na mwaka 1988 ndio wa kukumbuka. Alain Prost alikusanya pointi 105, Ayrton Senna 94. Lakini yaliyohesabiwa yalikuwa matokeo 11 bora kati ya mbio 16, hivyo Prost akabaki na 87 na Senna, aliyeshinda mbio nane dhidi ya saba za mwenzake, akabaki na 90 na ubingwa. Kanuni ilijulikana na wote tangu mwanzo, na bado watu wanaijadili hadi leo. Kwa hiyo futa chache, na tangu raundi ya tatu weka safu mbili kwenye jedwali: jumla yote, na jumla baada ya kufuta. Asishtuke mtu Desemba.

Nikupe mfano wa jinsi mambo haya yalivyoshikana. Wifi yangu alikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na wanne. Alikuwa amemaliza raundi zake zote za madereva wakubwa, hivyo kwa São Paulo, raundi ya 21, alilazimika kuokota walio chini na akawachukua Esteban Ocon na Pierre Gasly wa Alpine pamoja na timu yenyewe. Mvua ikanyesha. Ocon akawa wa pili, Gasly wa tatu, Alpine ikaruka kutoka nafasi ya tisa hadi ya sita kwenye ubingwa wa timu, na wifi akaandika alama kubwa kuliko zote za raundi moja katika historia ya ligi yetu. Kipande cha nne kikawa chake. Alinipigia simu analia. Mimi pia sikuwa na macho makavu, na kikosi changu siku hiyo kilikuwa kimepata aibu.

Siku hiyohiyo Verstappen alishinda akianzia nafasi ya 17. Kama ligi yako inatoa pointi kwa nafasi alizopanda dereva, andika wazi unahesabu kuanzia wapi. Kwenye kufuzu, yaani mashindano ya kupanga nafasi za kuanzia, alikuwa wa 12, akashushwa nafasi tano kwa kubadilisha injini. Sisi tunahesabu kutoka mahali gari lilipoanzia, yaani alipanda 16.

Jambo dogo la mwisho kwako: ninapotuma jedwali na maelezo yake, naanza kuandika kutoka mkiani. Namtaja wa kumi na nne kwa jina, nasema dereva gani alimwangusha na nani angeweza kumwokoa. Kinara habari zake anazijua.

SWALI: Dereva akiugua na gari lake likaendeshwa na mwingine, pointi ni za nani?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Kwetu unanunua mtu, hununui kiti. Jeddah 2024 Carlos Sainz alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na Ferrari ikamwita Oliver Bearman wa miaka 18, akamaliza wa saba. Waliokuwa na Sainz hawakupata pointi za Bearman, ila niliwaruhusu kubadilisha bure hadi kufuzu kunaanza. Dereva wa akiba huingia kwa bei ya chini kabisa ya orodha. Kaka yangu alimuuza Sainz kwa hasira, na mbio zilizofuata, kule Melbourne, Sainz akashinda. Ruhusa ya kubadilisha si amri ya kubadilisha.

SWALI: Mjomba wangu alituma kikosi dakika nne baada ya dirisha kufungwa. Ni mkubwa wangu, aliyenilea, na nashindwa kumkatalia. Wengine wananitazama.
*Mpwa mwenye aibu*

JIBU: Usimkatalie na usimkubalie. Weka kanuni kwamba asiyetuma kikosi, kile cha raundi iliyopita kinaendelea chenyewe. Hapo unaweza kusema kwa heshima zote: "Mjomba, kikosi chako cha juzi kimeshaingia, na hiki kipya nimekiweka tayari kwa mbio zijazo." Hakuna aliyepata sifuri, na hakuna aliyepewa dakika nne ambazo wenzake hawakupewa.

Tena usifunge dirisha kwa saa ya ukutani. "Saa tisa" ya mmoja ni ya mchana, ya mwingine ni ya usiku, na mbio zinahama bara kila wiki. Funga kwa tukio: gari la kwanza likitoka piti kwenye kufuzu, dirisha limefungwa. Na uwakumbushe mapema wikendi zenye mbio fupi za Jumamosi, maana kufuzu kwake hufanyika Ijumaa. Nadhani hapo ndipo mjomba alipojikwaa.

SWALI: Je, msimamizi anaruhusiwa kucheza?
*Naomba jibu fupi*

JIBU: Anaruhusiwa, ila kikosi chake kitangulie. Mimi natuma changu siku moja kabla ya wengine, kila mtu akione, na sikigusi tena. Ni hasara ndogo kwangu, na inanipa usingizi.

Jedwali langu pia hukaguliwa na mtu mwingine kabla halijatoka Jumanne. Hili lilitokana na kosa la 2022. Kwa raundi sita nilikuwa nampa binamu yangu pointi za dereva aliyekwisha kumuuza, na aliyeligundua ni yeye mwenyewe. Akaniandikia: "Dada, umenizidishia." Kanuni ya Jumanne wakati huo haikuwepo, na hata leo inafunga matokeo ya FIA tu, hesabu zangu mbovu haizilindi, ziwe za wiki iliyopita au za miezi miwili nyuma. Nikazitoa pointi zote, akashuka kutoka wa pili hadi wa sita, na nikawaeleza wote nilichofanya. Msimu uliofuata nilimwomba awe mkaguzi. Anaifanya kazi hiyo hadi leo, na bado ananikuta na makosa.