Kumpima mtoto jeni kwa ugonjwa wa mapafu: nendeni baba, mama na mtoto siku moja

Dada, umeuliza kama mkubali kipimo cha jeni kabla mwanao hajakatwa kipande cha pafu cha kuchunguzwa, na kama majibu yatasaidia chochote. Mimi ni mama niliyepita hapo hapo. Pimeni, na damu itolewe kwenu nyote watatu kwa pamoja.

Wetu alizaliwa miezi ikiwa imetimia, uzito mzuri tu. Siku hiyohiyo akaanza kuhema mbiombio, pua zikitanuka, nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani. Tukaambiwa nimonia. Antibayotiki mara tatu, na kila tukirudi nyumbani nalala nimemwekea mkono kifuani nahesabu: pumzi sabini kwa dakika, naye yuko usingizini. Moyo ukapimwa, mzima. Kipimo cha jasho, kile cha kutafuta ugonjwa wa kurithi wa cystic fibrosis, safi. Ni picha ya mapafu iliyoonyesha ukungu pande zote mbili.

Daktari alituchorea vifuko vya hewa. Ndani vimepakwa safaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini unaovizuia visinywee mtoto anapotoa pumzi. Njiti huwa nayo kidogo kwa sababu bado hajakomaa. Aliyetimiza miezi akionyesha dalili zilezile na chanzo kingine hakionekani, hapo jeni zinazohusika na safaktanti hushukiwa: SFTPB, SFTPC, ABCA3, au NKX2-1, ambayo hugusa pia tezi ya shingo na ubongo.

Kosa letu lilikuwa kumpima mtoto peke yake. Majibu yakaja na mabadiliko mawili kwenye ABCA3, moja linajulikana kuwa na madhara, la pili limeandikwa kwamba maana yake haijathibitika. Sasa, kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba, na ugonjwa huu unataka zote mbili ziwe na hitilafu. Kama mabadiliko yote mawili yamekaa kwenye nakala moja, nyingine ni nzima, na sababu itafutwe kwingine. Karatasi ya mtoto pekee haikuweza kusema. Tukatoa damu sisi, tukasubiri upya wiki nyingi ambazo sitaki uzipitie: badiliko moja langu, moja la baba yake, yaani yamekaa kwenye nakala tofauti.

Hakukatwa pafu, na kwangu hilo peke yake lilitosha. Dawa ya kuponya haikuja na jibu, nisikudanganye. Ila tulijua tunapambana na nini. SFTPB ikiharibika nakala zote mbili, watoto wengi hufariki miezi ya mwanzo wasipopandikizwa mapafu. ABCA3 hutofautiana sana, wapo wanaokua. Tulijua pia kwamba kila mimba yetu ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu.

Ndugu watauliza umetoka upande gani. Wetu ulitoka kote, na sisi wazazi mapafu yetu hayana tatizo. SFTPC ni tofauti, nakala moja yatosha, na mara nyingi badiliko huanza kwa mtoto mwenyewe.

Kabla ya kutoa damu ulizeni jeni zipi zinasomwa. Majibu yakitoka bila kitu, ugonjwa wa kurithi bado haujafutwa. Na ombeni nakala ya ripoti muitunze. Badiliko lisiloeleweka leo huweza kueleweka baadaye, hivyo baada ya mwaka au miwili mwombeni daktari lisomwe tena. La mwanangu lilisomwa upya, likathibitishwa kuwa nalo lina madhara.