Mwalimu, kwa kimbunga cha Lindi mzee alikushinda

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari, nina miaka 29, nimeolewa Kunduchi mwaka wa tatu huu. Baba mkwe alikuwa mvuvi, sasa amepumzika, ana miaka 70 na kitu. Tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka Idi iliyopita. Tumekaa mkekani, sinia la biriani katikati, wapo mashemeji na majirani wawili. Ikaja habari ya kimbunga Hidaya. Nikasema ndiyo mabadiliko ya tabianchi hayo, vimbunga havijawahi kufika pwani yetu, na hata ufukwe wa Kunduchi unaliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mzee akacheka. Akasema Lindi walipigwa na kimbunga 1952, ufukwe tumeumaliza wenyewe kwa kuchimba mchanga, mvua za El Nino za 1997 zilikuwa kubwa kuliko hizi, mvua ni ya Mungu, na hiyo tabianchi ni maneno ya Wazungu wasiotaka tuchimbe gesi yetu. Watu wakacheka naye. Nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Baba, haya ni mambo ya watu waliokwenda shule." Akanawa mikono biriani halijaisha, akatoka akakaa barazani.*

*Sasa ni wiki ya tatu. Nikimwamkia anaitikia marahaba huku anatazama redio. Mume wangu anataka niombe radhi na mada hiyo niizike moja kwa moja. Lakini mzee anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha upande wa baharini, kwa akiba yake na hela za mume wangu, na maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida mwezi ukiwa mpevu, yanafika karibu na hapo. Niombe radhi kwa kusema kweli? Na nikinyamaza, hela zetu zikichukuliwa na maji?*

*Mkwe wa Kunduchi*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako, kwa sababu mimi pia naamini dunia inapata joto na sisi binadamu ndio tunaolichochea. Mara ya pili nikaisoma kama vile nimekaa kwenye ule mkeka, karibu na mzee. Hapo nikaona jambo ambalo hukuniuliza: katika yale uliyoyasema siku ile, mawili hayakuwa sawa, na mzee aliyajua yote mawili.

La kwanza ni vimbunga. Hidaya ilikuja Mei 2024, ikapita jirani na Mafia, na kweli kwetu si jambo la kila mwaka. Lakini "havijawahi" ni neno zito. Lindi ilipigwa Aprili 1952, kama mzee alivyosema. Na kabla ya hapo Unguja ilipigwa Aprili 1872, majumba na mikarafuu ikalala chini. Mvuvi wa umri wake hakuisoma habari ya 1952 popote. Kaisikia kwa waliokuwa baharini mwaka ule, pengine baba yake mwenyewe. Sasa mkwewe, mwenye digrii, anamwambia mbele ya watu kwamba jambo hilo halijatokea. Wewe ungefanyaje? Ungecheka.

La pili ni ufukwe. Kunduchi imeanza kuliwa tangu miaka ya 1970, na walioichunguza pwani ile hawakuitupia lawama bahari peke yake. Mchanga wa ufukwe ule huletwa na mito, Tegeta, Mbezi na mingineyo, na mchanga wa mito hiyo tumeuchota kwa malori miaka na miaka tujenge jiji hili. Nyumba yangu mimi imo. Ongeza baruti zilizovunja miamba iliyokuwa inakata nguvu ya mawimbi. Kwa hiyo mzee aliposema tumeumaliza wenyewe, alisema kitu ambacho wataalamu wako wangekiunga mkono. Kupanda kwa bahari kupo, lakini kumekuta ufukwe tayari umeshakonda. Ni kama kisiwa cha Maziwe kule mbele ya Pangani, kilichobaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Wapo wanaosema ni bahari, wapo wanaosema ni mivinje iliyokatwa iliyokuwa inaushika mchanga. Ukitaka kumshawishi mtu wa pwani, usianze na mfano wenye mabishano ndani yake.

Nadhani, mwalimu, ulihisi unashindwa, na cheti kikawa ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Ukakirusha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu fupi. Radhi utaomba, na hutaomba kwa kusema kweli. Utaomba kwa lile neno la shule, na kwa 1952. Nenda peke yako, bila mume wako, maana akiwepo mzee ataona umesindikizwa kama mtoto. Nenda baada ya Alasiri, saa ambayo yuko barazani hana mgeni. Usiende mikono mitupu. Usiseme "samahani kama nilikukwaza", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye kosa. Mwambie: "Baba, siku ile nilikuvunjia heshima mbele ya wageni wako, na habari ya Lindi ulikuwa sahihi wewe, nimeitafuta nimeikuta." Basi. Kisha kaa. Usiweke "lakini". Siku hiyo huna somo la kufundisha.

Hapa nikupe langu, ingawa silipendi. Desemba 2011 ile mvua iliyozamisha bonde la Msimbazi ilipokuja, watu zaidi ya 40 wakafa jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, kaka yangu alikuwa na nyumba jirani na Jangwani. Miaka miwili nilikuwa nimembishia ahame. Alipofika kwangu usiku na godoro lililolowa, mimi nikiwa mlangoni na kandili mkononi, neno langu la kwanza lilikuwa "nilikwambia". Si pole. Aliishi kwangu miezi minne na hatukuwahi kuzungumza habari ya lile bonde tena. Mvua zilipokatika alirudi kule kule. Ameshatangulia mbele ya haki sasa, na sijui hata leo kama alirudi kwa kupapenda au kwa kunikomoa.

Tuje kwenye hoja za mzee zilizobaki, maana radhi haimalizi habari na mume wako anakosea anaposema mada izikwe. Yenye vyumba viwili juu yake haizikiki.

El Nino. Usimwambie mvua za 1997 zilikuwa ndogo, zilikuwa kubwa kweli. Muulize iliyofuata. Mwaka 1998 bahari ilipata joto mpaka matumbawe ya pwani hii yakageuka meupe, na mtu aliyekuwa akizama au akivua miambani wakati ule anakumbuka. Mwache akusimulie. Akishamaliza, mpe mfano wa kazi yake mwenyewe: El Nino ni wimbi, linakuja na kurudi, lilikuwepo toka enzi za mababu. Joto la dunia ni maji kujaa. Wimbi lile lile likipiga wakati maji yamekupwa linafia mchangani, likipiga bamvua maji yamejaa linaingia mpaka uani kwa mtu. Mzee hana haja ya kuchagua kati ya wimbi na maji kujaa, amefanya kazi kwenye vyote viwili tangu ujana.

Atakuuliza maji yamejaa kiasi gani. Ukimjibu sentimita 20 hivi, wastani wa bahari za dunia tangu 1901, atakucheka tena, na ana haki: hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inapita mita 3. Sentimita 20 ni shubiri moja tu. Usibishane na kicheko hicho. Shubiri ile haionekani siku ya kawaida. Inaonekana siku moja katika mwaka, bamvua imekutana na upepo wa kusi, na maji yamefika kwenye msingi palipokuwa na nafasi ya kuyakosa. Siku hiyo moja ndiyo inayobomoa nyumba.

Mvua ni ya Mungu. Hapa nyamaza, mwanangu. Hamjapingana. Mvua ni ya Mungu, mfereji uliozibwa na chupa za plastiki ni wetu, na moshi ni wetu. Hata hilo usiliseme wewe, mwachie imamu wa msikiti wake siku atakayopenda.

Wazungu na gesi ndipo penyewe. Nina hakika kama ninavyoandika hapa: mzee hakuwa anabishana nawe kuhusu hewa. Alikuwa anauliza kwa nini waliochoma makaa ya mawe zaidi ya miaka 200, wakajenga miji yao, leo wanatuhesabia sisi moto wa jikoni. Hilo ni swali la haki, na linaulizwa na mawaziri wa Afrika kwenye mikutano yote ya tabianchi. Mkubalie, bila kumungunya. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini ifikapo 2020. Kiwango hicho kikafikiwa 2022, wamechelewa miaka miwili. Mfuko wa kufidia hasara na uharibifu ulikubaliwa Misri 2022 tu, baada ya mabishano ya miongo. Mpe mzee habari hizo, ni silaha zake. Halafu umwonyeshe kitu kimoja: deni hilo tunawadai *kwa sababu* madhara yapo. Ukisema moto haukuwaka, utadai fidia ya nini? Jambo hilo mtu mzima analisikia haraka kuliko somo la gesi joto.

Na kama atasema ni uzushi wa juzi, mjibu kwa tarehe. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alipiga hesabu mwaka 1896 ya jinsi hewa ukaa, ile itokayo tukichoma makaa na mafuta, inavyopandisha joto la dunia. Mjerumani ndiye alikuwa anatawala Dar es Salaam hii, na gesi ya Songo Songo hakuna aliyeiota. Hewa hiyo inapimwa mfululizo tangu 1958 kule Mauna Loa, Hawaii. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Kwako wewe haya ni ya darasani. Kwake yanatosha kwa jioni moja, tena akiuliza mwenyewe.

Sasa vyumba. Hapo ndipo ningekuwa mkali kidogo, na utaona sihitaji mzee akiri neno tabianchi hata mara moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mume wako achukue futi kamba apime kabla hajatoa hata shilingi ya tofali. Hilo ni lake kumwambia baba yake, mwanaume kwa mwanaume, kama habari ya hela na serikali za mitaa.

Lako wewe ni lingine. Subiri mwezi mpevu. Mwambie mzee, "Baba, nataka kujua bamvua linafika wapi, nifundishie watoto." Ataenda, hakuna mvuvi asiyependa kuulizwa bahari. Achome kijiti yeye mwenyewe pale maji yalipokomea, na akuonyeshe yalikuwa yanakomea wapi alipokuwa kijana, mnazi upi ulikuwepo ambao sasa haupo. Muulize nguru walikuwa wanapatikana wapi na sasa wanafuatwa umbali gani, kaskazi ilikuwa inaanza lini. Wewe andika tu. Akisema ni mchanga, andika mchanga. Akisema maji yamebadilika, andika. Mwezi unaofuata mrudi kwenye kijiti. Mtu akishapima mwenyewe mara tatu nne, vyumba vyake atavisogeza juu bila kuambiwa na mwalimu, na atakueleza sababu kana kwamba wewe ndiye ulikuwa hujui. Mwache akueleze.

Inawezekana asibadilike. Inawezekana akafa akisema tabianchi ni maneno ya Wazungu, huku nyumba yake imejengwa mita 60 kutoka majini na mikoko ameipanda mwenyewe. Mimi ningekubali biashara hiyo leo.

Na mashemeji waliocheka? Waache. Waliokucheka walikuwa wanamcheka mtu aliyepaza sauti, habari ya hewa hawakuisikiliza kutoka upande wowote.

Jambo moja dogo, mwulize mama mkwe kwanza. Nimesema usiende mikono mitupu na najua utakimbilia haluwa. Wazee wengi wa umri huo wana sukari. Kama anayo, mpelekee kahawa chungu na tangawizi, na vikombe viwili.

Shangazi