Jibu: Kama Mueller hakuthibitisha njama, mbona watu walitiwa hatiani?

Salaam ndugu. Unauliza inakuwaje ripoti ya Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu wa Marekani aliyechunguza jinsi Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa 2016, isithibitishe njama kati ya kampeni ya Trump na Urusi, halafu watu wa karibu na Trump wakutwe na hatia. Nilipoisoma, kilichonifungua macho ni kutazama shtaka la kila mtu peke yake. Anzia hapo.

Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Trump, alipatikana na hatia ya ulaghai wa kodi na wa benki. Flynn, mshauri wa kwanza wa Trump wa usalama wa taifa, alikiri kuwadanganya FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Stone, mshauri wa siku nyingi wa Trump, alilidanganya Bunge la Marekani na kumtisha shahidi. Hakuna kati yao aliyehukumiwa kwa kula njama na Urusi. Uingiliaji wenyewe wa Urusi ulikuwepo, tena mkubwa: Julai 2018 maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi walishtakiwa kwa kudukua barua pepe za chama cha Democratic.

Kisha angalia tarehe. Waziri wa Sheria, Barr, alitoa barua ya kurasa nne yenye muhtasari wa ripoti Machi 24, 2019. Ripoti yenyewe, yenye kurasa zaidi ya 400, wananchi waliiona Aprili 18. Kwa wiki zaidi ya tatu watu walibishana juu ya muhtasari tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo siasa iliharibika. Juzuu ya pili ya ripoti, kuhusu kuzuia haki (yaani kama Trump alijaribu kuvuruga uchunguzi), inasema wazi kwamba haimtii Trump hatiani wala haimsafishi.

Hao watatu wote, Manafort, Flynn na Stone, Trump aliwapa msamaha mwishoni mwa 2020. Hilo bado linaniuma.