Maswali ya Wasomaji: Umeme kwenye Nyumba ya Kupanga

Napanga chumba na sebule Sakina, Arusha. Bafu letu la pamoja lina shawa ya umeme, na ukishika bomba la kufungulia maji unapigwa shoti. Fundi wa mwenye nyumba aligeuza waya, ikatulia wiki mbili, sasa imerudi. Ni jukumu la nani? – Mpangaji, Sakina

Kwanza zimeni breka ya hiyo shawa leo, na iandikwe "ISIWASHWE". Msimu wa baridi watu hushawishika kuvumilia, lakini mtekenyo wa leo unaweza kuua kesho.

Kugeuza laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) hakujatibu kitu. Koili ya shawa hukaa ndani ya maji, na ikishapasuka ganda lake umeme huvuja kuingia kwenye maji yenyewe. Ufa ukiwa upande wa laini mnasikia shoti kali. Waya zikigeuzwa, ufa unaangukia upande wa nyutro na shoti inapungua. Koili ikizidi kuliwa, inarudi.

Matengenezo yanayostahili jina hilo ni haya: koili mpya, waya wa eathi (kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja) uliofika mpaka kwenye shawa, na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwenye boksi la breka. Msikubali kuambiwa breka ya kawaida inatosha. Tuseme fimbo yenu ya eathi, iliyopigwa kwenye udongo mkavu wenye mawe, ina ukinzani wa omu 50. Volti 230 gawanya kwa 50 ni ampia 4.6 tu, na breka ya ampia 32 haitashtuka. RCD inakata kwa uvujaji mdogo kuliko huo mara mia na zaidi. Bonyezeni kitufe chake cha "T" kila mwezi, kisipokata, ibadilishwe. Ila kitufe hicho hakipimi fimbo ya eathi, hiyo fundi aipime kwa kifaa chake.

Angalieni na waya. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Waya wa milimita 2.5, ule wa soketi, unaweza kuchemka na viungo vikayeyuka. Dai milimita 6.

Jukumu ni la mwenye nyumba. TANESCO inaishia kwenye mita ya LUKU. Nyaya za baada ya hapo ni za mwenye jengo. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inamtaka anayepangisha sehemu tu ya jengo atunze mifumo na maeneo ya pamoja, kwa hiyo bafu la wote limo. Someni mkataba wenu kwanza, halafu mwandikieni barua yenye tarehe, picha na siku mnazompa, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Akikaidi, njia iko kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fundi atakayekuja aonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Nyumba ninayopanga mjini Moshi imekuja na friji na birika la umeme vya mwenye nyumba. Ndugu yangu aliyeko London anasema kila kifaa lazima kiwe na kibandiko cha kupimwa kila mwaka. – Mama wa Rau

Hata huko amezidisha chumvi. Kanuni za England za 2020 zinataka nyaya za nyumba ya kupanga zikaguliwe angalau kila miaka 5. Kibandiko cha mwaka kwenye birika ni desturi nzuri tu. Huku usikisubiri.

Friji za mtumba kutoka Ulaya zina plagi ya duara yenye pini mbili. Watu huchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi, kisha wanaisukuma plagi. Friji inawaka, lakini eathi yake iko ubavuni mwa plagi na haigusi chochote, kwa hiyo bati lote la friji halina kinga. Plagi hiyo ikatwe, ifungwe ya pini tatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na njano ufungwe kwenye pini ndefu. Ukikuta msumari mahali pa fyuzi, usitumie kifaa hicho kabisa.

Fundi mwenye megga (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) apime kwa volti 500: kifaa chenye bati na eathi kisipungue megaomu 1, chenye alama ya miraba miwili, moja ndani ya nyingine, megaomu 2. Vifaa alivyoviweka mwenye nyumba, mwombe alipie yeye, na orodha yake iingie kwenye mkataba.

Ekstensheni moja inabeba pasi, birika na jiko la pleti. Ni sawa? – Kijana, Pasua

Hapana. Plagi ya ampia 13 inabeba takriban wati 2,990. Birika wati 2,000 na pasi 1,200 tayari umevuka, jiko bado. Tumia kimoja kimoja, na waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote.