Kona ya kuchajia betri za drili na grenda kwenye karakana ya mbao

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na karakana yangu ni ya mabati. Nina drili mbili, grenda na msumeno wa mviringo, zote za betri za volti 18. Betri ziko sita za ampea-saa 5, chaja nne. Tunachajia juu ya benchi kwa ekstensheni moja inayotoka kwenye soketi ya kompresa, na mara nyingi tunaziacha usiku kucha ili asubuhi tuzikute zimejaa. Betri moja ilidondoka kutoka juu ya kenchi ikapata ufa. Bado inafanya kazi, ila inapata moto kuliko wenzake. Nataka kutengeneza kabati la plaiwudi lenye kufuli, chaja zote zikae ndani zisipate vumbi wala kuibwa. Nitoboe matundu mangapi, na ekstensheni gani itahimili chaja nne?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na pole na kazi. Naanza na betri yenye ufa maana hiyo haiwezi kusubiri kabati. Itoe kazini leo. Ndani yake mna seli za lithiamu, na kila seli ina utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi. Betri ikianguka kwa kishindo utando huo unaweza kuumia bila wewe kuona kitu, na joto lisilo la kawaida unaloliona ndiyo dalili yake. Watu wengi wamezoea betri ya simu, wanangoja ivimbe. Betri za drili seli zake zimo kwenye makopo ya chuma, hazivimbi kirahisi. Dalili zake ni joto, harufu tamu inayokaribia ya thina, chaja kuikataa, au chaji kuisha ghafla. Ziba vichwa vyake, yaani vyuma vinavyopitisha umeme, kwa selotepu ya umeme, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje, mbali na mbao na ukuta wa mabati, hadi utakapoipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usimpe mtu aifungue atoe seli nzima, na usiitupe jalalani wala motoni.

Sasa kabati. Kwa plaiwudi na kufuli, jibu langu ni hapana, hata ukitoboa matundu ishirini. Chaja inatoa joto, betri inayochajiwa inatoa joto, na hewa ya Dar mchana mara nyingi imeshapita nyuzi 30 kabla hujawasha kitu. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la kuzidi nyuzi 40 hivi. Ndiyo maana betri iliyotoka kwenye grenda ikiwa moto, chaja nzuri huwasha taa ya kusubiri. Ipe betri nusu saa kivulini kwanza. Kubwa zaidi, seli ikiharibika kabisa hutoa gesi inayowaka, na gesi hiyo ikijaa kwenye kabati lililofungwa inaweza kulipuka na kurusha mlango. Plaiwudi itaendeleza moto, na kufuli litakuchelewesha kuufikia.

Ninapopanga sehemu ya kuchajia, nachukulia kwamba ipo siku betri moja itawaka. Kazi yangu ni kuhakikisha inawaka peke yake, mchana, mbele ya macho ya watu. Mpangilio wote unatokana na hapo.

Tafuta kipande cha ukuta wa tofali. Kama karakana yote ni bati na mbao, jenga ukuta mfupi wa tofali za saruji, kimo cha mtu, upana wa mita moja na nusu. Kwenye ukuta huo funga rafu ya zege au ya chuma iliyowekwa vigae, usawa wa kifua. Usichajie sakafuni: maranda hukusanyika huko, na mvuke wa thina na gundi ya kontakti ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini. Wala usipandishe rafu karibu na paa, kwa sababu joto la bati liko juu. Kati ya chaja na chaja acha shibri moja. Juu ya rafu pasiwe na kitu cha kuning'inia, na mbao, vanishi na matambara yenye mafuta vikae angalau mita mbili mbali. Na tafadhali, kona isiwe karibu na mlango wa kutokea. Mkiwa watano ndani na moto ukaanzia mlangoni, mtapita wapi?

Vumbi lina dawa yake: mwisho wa siku chomoa chaja, zipulize kwa hewa kavu ya kompresa, zifunike kwa kitambaa zikiwa zimepoa. Zikiwa kazini hazifunikwi.

Kuhusu ekstensheni, mzigo wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhani. Chaja ya ampea 3 inavuta kama wati 75. Nne ni wati 300, yaani ampea moja na kidogo kwa volti 230. Hatari iko kwenye miunganisho iliyolegea, ambayo huchemka polepole hadi plastiki inaungua, na kwenye kompresa inayotikisa umeme kila inapowaka. Kwa hiyo achana na ekstensheni. Mwite fundi umeme mwenye leseni avute laini ya peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampea 16, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na ethi iliyopimwa. Afunge soketi nne ukutani, kila moja na swichi yake. Kama chaja zako ni za pini mbili, acha ule mtindo wa kuzibua soketi kwa kijiti ndipo pini ziingie. Badilisha plagi, weka ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Mbele ya laini hiyo weka kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata umeme ukizidi na kusubiri kidogo unaporudi. Umeme ukirudi kwa kishindo, chaja huumia kabla ya betri.

Usiku usichaji. Najua hili ndilo gumu, lakini angalia hesabu: betri ya ampea-saa 5 kwa chaja ya ampea 3 inajaa kwa saa mbili hivi. Chaja nne zinamaliza betri zako zote kabla ya chakula cha mchana, huku kazi ikiendelea na zile zilizojaa jana. Mpe kijana mmoja jukumu la kuzibadilisha, na wa mwisho kutoka azime breka ya kona hiyo.

Wizi ni hoja ya kweli, na hapo kabati lina kazi, ila la kuhifadhia tu. Tumia tranki la chuma, litoboe matundu machache, tandika kipande cha mpira chini, na kila betri iwe na kifuniko chake cha plastiki ili misumari na skrubu zisiunganishe vichwa vyake. Betri zitakazokaa wiki kadhaa bila kazi zihifadhi zikiwa nusu chaji. Na unaponunua nyingine, usifuate bei peke yake. Nyingi za kuiga hazina kipimo cha joto wala mfumo wa kufuatilia volti ya kila seli, na chaja inategemea vitu hivyo ijue lini isimame.

Moto ukitokea, kwanza zima breka, kisha watoe watu, kwa sababu moshi wake ni sumu. Mtungi wa kuzimia moto wa unga unaua miali, lakini seli zinabaki na joto na huwaka tena. Umeme ukiwa umezimwa na njia ya kutokea iko nyuma yako, mwagia maji mengi kwa mbali, endelea hata baada ya miali kupotea. Betri inayowaka usiishike kuitoa nje. Moto ukishika mbao, toka na upige 114. Weka pipa la maji na ndoo mbili mita tatu kutoka kwenye kona, na vijana wote wafundishwe breka ipo wapi kabla laini mpya haijawashwa.