Maswali yenu: kamati inapomjadili daktari aliye mafunzoni

Niliwahi kutaja hapa kwamba nimo kwenye kamati ya kupima maendeleo ya madaktari wanaosomea ubingwa huku Marekani. Barua zimekuwa nyingi, leo najibu chache.

*Shikamoo daktari. Kaka yangu anasomea ubingwa wa watoto huko. Anasema kamati itamjadili, tena yeye mwenyewe hatakuwepo. Amekosa nini?*

Marahaba mdogo wangu. Hajakosa kitu. ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo hayo Marekani, kinataka kila daktari aliye mafunzoni ajadiliwe angalau mara mbili kwa mwaka na walimu wasiopungua watatu. Wakimaliza, mkuu wa programu au aliyemteua hukaa na kaka yako na kumweleza yaliyoonekana. Mwambie asiogope kuuliza.

*Kwani mtihani hautoshi?*

Hautoshi. Mtihani unaonyesha anachokijua, hauonyeshi anavyomweleza mama kwamba mtoto hatapona. Na mwalimu mmoja huwa naye wiki chache tu. Wa kliniki anamwona mchana akiwa ametulia, muuguzi wa zamu anamwona saa tisa usiku akiwa hoi. Ndiyo maana tunakusanya maoni ya wote, wakiwemo wauguzi na wagonjwa.

*Mimi ni mhadhiri. Katika vikao vyetu bosi akishasema, wengine wanaitikia tu. Ninyi mnafanyaje?*

Ndugu yangu, hapo umegusa penyewe. Kikao cha watu kumi wanaomfuata mmoja ni maoni ya mtu mmoja.

Mwaka mmoja, katika hospitali niliyofanya kazi, tulimjadili binti mwenye alama nzuri. Mwenyekiti alianza: "Huyu hana shida." Tukatikisa vichwa, mimi nikiwamo. Tulikuwa tumeshafungua faili linalofuata pale mwalimu mdogo kuliko wote aliponyoosha mkono. Aliwahi kushika naye zamu ya usiku. Kulikuwa na mtoto wa miezi minane akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Binti alimpima vizuri, akaandika vizuri, lakini hakumpigia mkubwa wake simu hadi alfajiri. Basi wengine wawili wakakumbuka usiku unaofanana na huo. Kila mmoja alidhani ameliona peke yake, kwa hiyo alinyamaza. Mtoto alipona, nashukuru Mungu.

Binti alipoulizwa kwa upole, akaeleza kwamba aliwahi kufokewa kwenye simu kwa "kusumbua watu". Kosa lilikuwa letu pia. Tukakubaliana naye ni hali zipi lazima apige simu, na aliyekuwa akifoka tukazungumza naye.

Tangu hapo mdogo kwa cheo ndiye anaanza kusema, mwenyekiti ndiye wa mwisho. Na kila mjumbe anasoma faili na kuandika maoni yake kabla ya kuingia kikaoni. Hili la pili wengi hulipuuza, nami nalishikilia sana.

*Niko mwaka wa pili, nimepewa ngazi ya 2 kwenye mawasiliano. Nimevunjika moyo.*

Pole sana. Ngazi hizo za kupima maendeleo ya daktari aliye mafunzoni, zilizoanza kutumika mwaka 2013, ziko 5. Ya 4 ndiyo lengo la anayehitimu, na hata hiyo si sharti. Ya 5 ni ya wachache. Usibishane na namba. Waulize walimu: ni mgonjwa gani, niliongea naye vipi, ningesemaje? Wakishindwa kukupa hata mfano mmoja, una haki ya kuomba uangaliwe upya ukiwa kazini.

*Hospitali yetu ya mkoa, Tanzania, ina watarajali kadhaa. Tunasaini tu vitabu vyao kila wakimaliza idara. Twaweza kuanza kitu kama hicho?*

Mnaweza hata wiki ijayo, na hamhitaji bajeti. Saini inasema kazi ilifanyika, haisemi ilifanywaje. Katikati ya kila mzunguko, msisubiri mwisho, kaeni watatu kwa dakika ishirini, kila mmoja akiwa na jambo moja aliloliona kwa macho yake kwa kila mtarajali. Mwiteni na muuguzi kiongozi wa wadi, naye aanze yeye. Kisha mmoja wenu amfuate kijana siku hiyohiyo, faraghani, amwambie yote mawili: anachofanya vizuri na cha kurekebisha kabla hajahamia idara nyingine.